Uji wa Jaji

Kengele ikilia, jirani yangu alikuwa akiacha kupepesa macho. Dakika tatu nzima. Najua kwa sababu kengele nilikuwa naipiga mimi, meza yangu ilitazamana na kiti chake, na mwanamke aliyekaa pembeni ya ulingo miaka kumi na mitatu bila kupenda ngumi lazima atafute kitu kingine cha kutazama. Inzi alikuwa anaweza kutua kwenye kope yake, akazunguka, akaondoka mwenyewe kwa kukosa mazungumzo. Kengele ikilia mara ya pili, jirani yangu anapepesa kwa mkupuo, anaandika namba zake mbili kwenye kadi ya pointi, anaikunja, anaikalia. Ndiyo, anaikalia. Alisema kadi ni yai, halitolewi chini ya kuku mpaka saa yake ifike.

Masasi nzima ilimwita Jaji. Mkewe alimwita Jaji, padri alimwita Jaji, na nadhani hata yeye mwenyewe alipojikwaa alijipa pole kwa jina hilo. Wageni walidhani ni jaji wa mahakama. Mzee mmoja wa Chidya alitembea asubuhi nzima kumletea kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, akamleta na huyo jirani. Jaji hakuwaeleza kwamba yeye ni wa ngumi tu. Aliwaweka kwenye vigoda viwili, akamsikiliza kila mmoja dakika tatu, akawapumzisha dakika moja na kuwapa maji, akaendelea hivyo mpaka raundi tano. Mwishoni akatangaza kwamba mbuzi ameshinda kwa pointi. Wazee wale waliondoka wameridhika, na mimi mpaka leo sijui waliridhika na nini.

Kabla ya kustaafu alikuwa mpima ubora wa korosho ghalani. Kazi ile ni ya lawama tupu. Mkulima analeta magunia yake anayapenda kuliko shemeji zake, wewe unachota konzi moja, unazikata korosho katikati, unamwambia hizi ni daraja la pili. Jaji alikuwa na jibu moja kwa wote: "Ulicholeta ndicho nilichokikata." Hilohilo akalihamishia kwenye ngumi. Bondia akilalamika, kocha akilalamika, bibi yake bondia akilalamika na mwavuli mkononi, wote walipewa korosho.

Malalamiko yakizidi alikuwa na swali lake. Alimuuliza mlalamikaji alikuwa amekaa wapi. Ukimjibu mstari wa tatu, anakwambia yeye alikuwa karibu zaidi. Ukimjibu mstari wa kwanza, yeye alikuwa karibu zaidi. Siku moja mlalamikaji alikuwa bondia mwenyewe, ambaye alikuwa ndani ya ulingo na ngumi zote zilitua usoni kwake. Jaji akamwambia yeye alikuwa karibu zaidi. Kijana wa watu akaondoka anajishika shavu, anafikiri.

Huyu mtu mwenye maamuzi makali hivyo nyumbani kwake hakuweza kuamua hata upande wa kulalia. Mkewe, Mama Anna, akimuuliza apike ugali wa muhogo au wali, anafikiri kidogo na kusema sare. Mama Anna akichoka anakuja kwangu kula. Shati lipi la kanisani, la bluu au la kahawia? Sare, na Jumapili moja akavaa yote mawili, la kahawia juu, kola zote nje. Mimi ni fundi cherehani. Jambo lile liliniuma kitaaluma.

Ufundi wangu ndio ulionitia kwenye ngumi. Nilikuwa nashona bukta za mabondia, basi. Ikatokea pambano moja mpiga kengele wa siku zote akaenda kunywa pombe ya mabibo katikati ya raundi ya pili, na raundi ile ikachukua karibu robo saa, vijana wakawa wameshikana tu wanapumuliana. Jaji akainuka akasema anamtaka fundi. Mimi, fundi cherehani, kabila la watu wanaosema njoo kesho tangu dunia iumbwe! Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema nguo za watu wote nazichelewesha sawasawa, mkubwa kwa mdogo, na huo ndio usawa anaoutafuta. Nikapewa saa, kipande cha reli ya zamani ya Nachingwea kilichoning'inizwa kwa waya, na bolti ya kukigonga.

Nisije nikadanganya kwamba ngumi zetu zilikuwa shughuli kubwa. Mabondia walipimwa uzito kwenye mizani ya ghala la korosho, na karani wa mizani, kwa mazoea ya miaka, aliposoma kilo alitoa moja ya gunia. Kwa misimu miwili mabondia wote wa Masasi walipigana wakiwa pungufu ya kilo moja ya gunia ambalo hawakulivaa. Aliyegundua ni Jaji. Wengine tuliona wembamba tu.

Kulikuwa na jambo moja lakini ambalo Jaji aliliogopa kuliko kifo, nalo ni kidonge. Mtu huyu jino la bondia liliwahi kumrukia kwenye kiatu, akasogeza mguu na kuendelea kutazama. Lakini mpe kidonge cha ukubwa wa punje ya mtama, koo linafunga, macho yanamtoka, anatapika na chakula cha juzi. Naye alikuwa na presha. Hospitali walimpa vidonge vya kila siku, vile vya kupunguza maji mwilini, ukivimeza choo kinakuwa rafiki yako wa karibu. Mama Anna akabuni njia. Kila alfajiri alikisaga kidonge kwenye kinu kidogo cha iliki, akakikoroga ndani ya sufuria ya uji wa ulezi wenye karanga, akaufunika, akaenda shamba. Jaji akiamka anakuta dawa yake imetulia ndani ya uji, hawaonani uso kwa uso. Siku za pambano hakuunywa, maana kadi ya kuikalia na uji ule havipatani.

Sasa Festo.

Festo alikuwa mtoto wa dada yake Jaji. Mama yake alipoolewa tena Tunduru, alimleta kijana kwa kaka yake hapa mtaani kwetu Lisekese na begi moja na glovu zimefungwa shingoni. Hapa lazima nieleze kwa asiye wa kwetu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, anapewa shikamoo yake, anaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Lakini mambo mazito yakija, posa, kesi, ugonjwa, anaitwa mjomba. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Na mpwa akiwa nyumbani kwa mjomba wake haombi chakula. Akikuta sufuria imefunikwa, anafunua. Ukimgombeza watu watakuuliza wewe ni wa ukoo gani.

Festo alifunua. Kila asubuhi mapema kabla ya kukimbia mazoezi alikunywa uji wa mjomba wake bakuli mbili, akabakisha ukoko. Jaji akiamka anakuta ukoko, anaukwangua kwa kijiko akiamini dawa yote imetuama humo, anatabasamu. Hakumwambia mkewe, maana Mama Anna angekuja juu. Aliniambia mimi, tena kwa majivuno: "Mama Upendo, mtoto anakula yule. Anakula kweli."

Ajabu ni kwamba alivyokula ndivyo alivyopungua. Mabondia wenzake wakitafuta uzito walishinda njaa, walivaa makoti juani, walitema mate kwenye kopo. Festo alikunywa uji bakuli mbili na kila wiki mizani ilishuka. Alikimbia barabara ya Nanganga akisimama kila kichaka. Watu wakasema ni uji. Wanawake watatu walikuja kwa Mama Anna kuomba wafundishwe, mmoja akiwa na harusi ya mdogo wake na gauni lisilofunga. Mama Anna, akidhani wanasema uji wa jioni anaompikia kijana, akawaambia ni ulezi na karanga tu, kwa moyo mweupe kabisa. Wakati huohuo Jaji alianza kuumwa kichwa na kuona vimulimuli. Tukasema ni joto.

Likatangazwa pambano la mkanda, Festo wa Masasi na bondia mmoja wa Newala aliyeitwa Tingatinga. Mshindi angechukuliwa na promota kwenda kupigana Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza walikuja wasimamizi wa ngumi kutoka Dar, na fomu zao, na mtu wa kupima mkojo mwenye begi la barafu. Majaji watatu walikuwa watoke nje, kama inavyotakiwa. Wawili walifika. Wa tatu basi lake lilivunjika ekseli Nanganga, akapiga simu akasema anaona mafundi wanakula kwanza.

Ukumbi umejaa, ngoma za watu wa Newala zinalia, mabondia wameshafungwa glovu. Msimamizi akauliza kama hakuna jaji mwenye cheti hapa mjini. Watu wote wakageuka kumtazama mzee mmoja mwenye tai ya kipepeo niliyoishona mimi kwa kipande cha joho la kwaya.

Akapewa fomu. Iliuliza: wewe ni baba, mama, kaka, dada, mume, mke au mtoto wa bondia yeyote? Jaji akaisoma mara tatu. Nilikuwa namwona anavyotembeza kidole kwenye mstari, anatafuta neno moja ambalo halikuwepo. Kisha akainua macho akanitazama. Watu wa Newala hawakujua. Festo alikuwa na jina la baba yake, mtu wa mbali. Majirani zake waliojua walikuwa watu wa Masasi, na unajua mdomo wa mtu wa Masasi mkanda ukiwa karibu. Mimi nilijua kuliko wote. Nikaangalia kengele yangu. Jaji akaandika Hapana, ambayo ilikuwa kweli, na kosa lile tulilifanya wawili.

Pambano lenyewe lilikuwa zuri, nimeambiwa. Mimi nilimtazama Jaji. Raundi tano hakupepesa. Raundi ya sita Tingatinga alimbana Festo kwenye kona akamshushia ngumi za mbavu mfululizo, ukumbi wote ukasimama. Nikageuka kwa Jaji kama kawaida yangu. Alikuwa amefumba macho. Si kupepesa, amefumba, na midomo imekazwa, na mkono umeshika ukingo wa meza. Nikadhani ni jasho limemwingia. Kengele ikalia, akaandika namba zake, akaikalia kadi.

Raundi nane zilipokwisha, jaji mmoja alimpa Tingatinga. Mmoja alimpa Festo. Kadi ya tatu ikatolewa chini ya kuku: Festo, kwa pointi moja.

Watu wa Newala walisema wameibiwa, na walilisema kwa chupa za maji. Mzee mmoja wa kwao alimfuata Jaji mpaka mezani kudai haki. Nilisubiri Jaji amuulize alikuwa amekaa wapi. Akachukua kofia yake akaenda nyumbani.

Sampuli nazo zilikuwa sinema. Tingatinga alikauka kabisa. Alikunywa maji saa mbili nzima, akaimbiwa, akafunguliwa bomba asikie, ndipo akatoa matone. Festo aliomba kichupa kabla hajapewa. Akakijaza mpaka shingoni, akamuuliza yule mpimaji kama hana kingine. Mpimaji alifurahi sana, akasema Masasi kuna vijana wenye ushirikiano.

Wiki kadhaa baadaye barua ikaja. Mkojo wa Festo umekutwa na dawa iliyopigwa marufuku, ya kukojosha, inayotumiwa na mabondia wadanganyifu kushusha uzito. Mkanda umezuiwa. Ajieleze mbele ya kikao Newala, la sivyo atafungiwa miaka miwili.

Mji ulipata kazi. Kila mtu alijua dawa ni ipi. Wengine walisema ni salfa ya kupulizia mikorosho, imemwingia kwa kupumua. Wengine ni mzizi wa kutoka Msumbiji. Kinyozi wa jirani alisema ni sabuni. Wapo waliojivuna kimyakimya kwamba mkojo wa Lisekese umesafiri hadi maabara ya mbali na umejadiliwa na wataalamu. Festo peke yake ndiye hakucheka. Aliapa kwamba hajanywa chochote ila uji, na hakuna aliyemsikia, maana nani anakamatwa kwa uji?

Aliyefumbua ni Mama Anna, akiwa kwangu kupunguza sketi. Alikuwa analalamika. Hospitali wamempima Jaji, presha iko juu, daktari anamuuliza kama dawa anameza kweli, wakati yeye Mama Anna anaisaga kila siku kwa mkono wake na sufuria kila siku inarudi tupu. Nikamwambia sufuria inarudi tupu kwa sababu anayeimaliza ni Festo. Tukatazamana. Cherehani ikasimama yenyewe.

Jioni Jaji alikuja akakaa kwenye kigoda cha wateja. Shikamoo yangu aliiitikia marahaba kwa sauti ya chini. Akawa anaokota vipande vya vitambaa sakafuni na kuvipanga kwa rangi.

"Nikisema alikunywa uji wangu," akasema, "wataniuliza kwa nini analala kwangu."

"Na usiposema?"

"Mtoto ataitwa mla dawa mpaka uzee wake."

Nilimwambia ukweli wa moyo wangu, ambao haukuwa mzuri. Nilimwambia Festo ni kijana, miaka miwili itapita, lakini yeye akianguka leo hatainuka, watu watazifukua kadi zake zote za nyuma na kusema zote zilikuwa hivi. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilimpenda mzee yule, na pia kwa sababu niliogopa nami nitaulizwa nilikuwa naangalia nini. Jaji akasema nina hoja. Nikamuuliza basi ameamuaje. Nilijua atanijibu sare. Akainuka, akaenda.

Siku ya kikao alipanda Newala na tai ya kipepeo shingoni, mkono mmoja kinu cha iliki, mwingine sufuria ya uji imefungwa kwa kanga ya Mama Anna. Mimi na Mama Anna tulikuwa nyuma yake. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Newala waliokuja kumwona mwizi, na walipomwona mwizi amebeba sufuria walichanganyikiwa.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa bwana mmoja mnene mpole kutoka Dar, kwao asili kanda ya ziwa. Sufuria ikawekwa mezani pake. Kabla Jaji hajamaliza kusafisha koo, mwenyekiti akajua ameletewa staftahi, akafunua, akajimiminia kikombe, akanywa, akasifu karanga, akajimiminia cha pili. Ndipo Jaji akamweleza kwa heshima zote kwamba hicho ni kidhibiti.

Kikao kiliendelea kwa vipande. Jaji alieleza habari ya koo lake na vidonge. Mwenyekiti akaomba radhi akatoka. Akarudi. Mama Anna akaonyesha namna ya kusaga, mwenyekiti akatoka. Festo akaulizwa alikunywa bakuli ngapi, akasema mbili kila siku. Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa na ujuzi wa jambo lile kutoka ndani, akamtazama kwa huruma ya kweli. Watu wa Newala walianza kucheka, na kicheko kikishaanza hasira hupungua. Aliporudi mara ya nne mwenyekiti akasema ameridhika, kijana hakukusudia, atapewa onyo na mapumziko ya miezi sita.

Hapo ilikuwa tumalize. Mimi nilikuwa nimeshainuka kuchukua kanga. Lakini Jaji alibaki amesimama, akasema kuna la pili.

"Huyu mtoto ni mpwa wangu," akasema. "Mimi ni mjomba wake. Na nilikaa kwenye kiti cha jaji."

Ukumbi ukaguna, ule mguno wa chini wa watu wanaojua maana ya kilichosemwa. Mwenyekiti hakuijua. Alifungua faili, akaitoa fomu, akaisoma. Baba, mama, kaka, dada. Akasema kwa uchangamfu kwamba mjomba hayumo, kwa hiyo mzee hana kosa lolote, na hata yeye mwenyewe ana wajomba kadhaa na wengine hajawaona tangu msiba wa bibi.

"Mheshimiwa," Jaji akasema, "kwenu mjomba ni mgeni. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Fomu haikujua hilo. Mimi nilijua."

Mwenyekiti akajaribu kumtetea tena. Sijawahi kuona kikao ambacho mshitakiwa anajishitaki na hakimu anamtetea, lakini ndivyo kilivyokuwa, wakabishana vile karibu nusu saa ukitoa safari za chooni. Mwisho Jaji akasema raundi ya sita hakuiona. Alimpa kila bondia pointi kumi, sare, kwa sababu alifumba macho, na sare hiyo ndiyo iliyombakishia Festo ushindi wa pointi moja.

"Kwa nini ulifumba?"

"Alikuwa anapigwa."

Hakuna aliyecheka. Mimi nililia, sina haja ya kuficha. Nililia kwa aibu ya ule ushauri wangu na kwa jinsi alivyoonekana mdogo na tai yake. Mama mmoja wa Newala mstari wa mbele, ambaye nadhani alikuwa mama yake Tingatinga mwenyewe, alisema kwa sauti, "Pole, njomba." Njomba, kwa matamshi ya kwetu. Jaji akavua beji yake ya ujaji akaiweka mezani kando ya sufuria. Matokeo yakafutwa. Mkanda ukarudi sandukuni. Safari ya Dar ya Festo ikafa, naye njiani kurudi Masasi alilala usingizi kwenye bega la mjomba wake.

Majaji wapya wakaja, vijana wenye suti, wanapepesa macho hovyo. Jaji hakuja kwenye mapambano miezi yote sita. Nilimwona tu uani kwake, Mama Anna akimsimamia anywe uji mbele yake mpaka tone la mwisho, na Festo ana sufuria yake mwenyewe.

Kisha mapumziko ya kijana yakaisha, akapangiwa tena na Tingatinga, huko Newala, Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa nimeitwa huko na kengele yangu. Nikamwona Jaji anaingia na tiketi mkononi kama watu wengine, bila tai, shati lililofunguliwa vifungo viwili, akakaa katikati ya watu. Raundi ya kwanza alikaa kimya. Ya pili akasema "ehe" mara moja, akashtuka mwenyewe. Ya tatu akasimama. Kuanzia hapo sikumtambua. Alipiga kelele, alirusha ngumi hewani, alimgonga kofia mtu wa mbele na hakuomba radhi. Alimwelekeza Festo mambo ambayo, kama mtoto angeyafuata, angejipiga mwenyewe.

Nisimung'unye maneno: Festo alipigwa. Alipigwa raundi nane kati ya nane. Majaji watatu walikubaliana, bibi wa Festo angekuwepo angekubaliana nao, na Festo mwenyewe alimpongeza Tingatinga kabla matokeo hayajasomwa. Akashuka ulingoni jicho moja limefunga.

Jaji alikuwa ameshafika kwenye meza ya wasimamizi, jirani na yangu, anahema. Alitaka karatasi ya malalamiko. Alisema tumeibiwa mchana kweupe, na kwamba yule jaji wa kushoto anafaa kuuza karanga.

"Njomba," Festo akamwambia taratibu, "nimepigwa kweli."

"Nyamaza wewe. Umeshinda zote."

Karani, binti mdogo mpole, akaandika malalamiko yote bila kucheka, na mimi nikajitahidi nisicheke. Akafika mwisho wa karatasi, palipo na nafasi ya kujaza, akamuuliza mzee ni nani wa bondia.

"Mjomba wake," Jaji akasema, kwa sauti iliyofika mstari wa nyuma kabisa. Akainama juu ya meza kuhakikisha. "Andika kubwa."

Malalamiko yalitupwa siku hiyohiyo, na walikuwa sahihi kuyatupa. Jaji akachukua begi la Festo akalitia begani, akatoka naye nje anamweleza jinsi alivyoshinda.